Darasa lililoanzia kwenye kadi ya kliniki

Hakuna swali tunaloulizwa na akina mama wenzetu mara nyingi kama hili: mtoto aanze chekechea akiwa na umri gani, na akifika huko afundishwe nini? Tunaulizwa siku ya chanjo, tunaulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, na hata sokoni mikono ikiwa imejaa vikapu. Anayeuliza huwa na hofu moyoni. Ameona mtoto wa jirani anaandika jina lake akiwa na miaka mitatu, naye anajiuliza kama wa kwake ameachwa nyuma.

Tunaona vema kulijibu swali hilo kwa kueleza tuliyoyapitia katika chekechea yetu, ambayo tuliianzisha mwaka 2011 katika mtaa mmoja wa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Tulikuwa akina mama watano: wauguzi wawili wenye stashahada, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, fundi cherehani, na mama mmoja auzaye chakula stendi. Kalamu leo ameishika muuguzi, lakini maneno ni ya wote watano.

Pengo kati ya chanjo na darasa la kwanza

Watu hudhani chekechea huanzishwa na walimu. Yetu ilianzia kliniki. Sisi wauguzi tulikuwa tumeona jambo ambalo pengine nawe umeliona nyumbani kwako. Mtoto akizaliwa, mama humleta kliniki kila mwezi bila kukosa. Siku zile chanjo ya mwisho ilikuwa ya surua, ikitolewa akiwa na miezi 9. Baada ya hapo mama wengi huiweka kadi kabatini. Kadi yenyewe ina nafasi ya kuandika uzito mpaka mtoto afikishe miaka mitano, lakini mstari wa kalamu hukatika mapema, na karatasi iliyobaki ni nyeupe.

Tulikuwa tukijiuliza: mtoto huyu sasa yuko wapi? Anaonekana na nani? Wengine walibaki na bibi, na hao walikuwa na heri. Wengine walibaki na dada wa kazi ambaye mwenyewe alikuwa bado mtoto. Wengine walifungiwa chumbani tangu asubuhi hadi mama arudi kutoka kwenye biashara yake. Tulikuja kukutana nao tena ama wameungua uji wa moto, ama wameletwa na homa kali, ama wamefika darasa la kwanza bila kujua kushika kalamu wala kusema wanachotaka mbele ya mtu mgeni.

Tulipolieleza jambo hili katika kikao cha akina mama kanisani, mwalimu wetu mstaafu alisema, "Mnachokitafuta ninyi wauguzi na ninachokitafuta mimi mwalimu ni kitu kimoja. Tafuteni chumba."

Chumba kilikuwepo. Ni kile cha Shule ya Jumapili, ambacho kilikaa kimefungwa tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Wazee wa kanisa walitukubalia kwa masharti mawili. La kwanza, mabenchi yarudishwe mahali pake kila Jumamosi. La pili, watoto wa dini zote wapokelewe bila kuulizwa. Masharti yote mawili tumeyashika hadi leo.

Tulifuata pia sheria, nasi tunawashauri akina mama wanaotaka kuanzisha shule wafanye hivyo mapema, kabla ya kupaka rangi ukuta. Hapa Tanzania kuna milango miwili. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Darasa la awali, yaani lile la watoto wanaokaribia darasa la kwanza, liko chini ya mamlaka ya elimu. Tuliingia mlango wa kwanza, na baadaye ule wa pili. Bwana afya alikuja akakagua choo, maji na jiko. Alituambia tundu la choo ni kubwa mno kwa mtoto wa miaka mitatu, kwamba mtoto ataogopa kuanguka na hivyo atajizuia. Tulipunguza tundu siku ile ile.

Watoto 14 na sufuria moja ya uji

Tulianza na watoto 14. Ada ilikuwa shilingi 8,000 kwa mwezi, ambayo ingetupa shilingi 112,000 kama wote wangelipa. Kwa kawaida walilipa 10. Shilingi 70,000 zilikwenda kwa binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye mwalimu mstaafu alimfundisha kazi akiwa pale pale. Zilizobaki zilinunua sabuni na sukari. Unga wa uji tulichangishana sisi wenyewe: mahindi, ulezi na karanga zilizosagwa pamoja. Wazazi wachache walilipa kwa kuni au maharage, nasi tuliandika daftarini kama fedha, ili asiwepo mzazi wa kuona haya.

Siku ya kuandikishwa, jambo la kwanza tuliloomba ni kadi ya kliniki. Tuliangalia chanjo, tukapima uzito, tukatazama macho, viganja, ngozi na masikio. Wazazi wengine walishangaa. Mmoja aliuliza, "Sista, nimeleta mtoto shule au hospitali?" Tulimjibu kwamba mtoto ni mmoja, na anayekuja kusoma ni yule yule anayekohoa usiku.

Hebu tutoe mfano mmoja. Katika watoto wale 14 alikuwepo kijana wa miaka minne ambaye nyumbani alikwisha kupewa jina la mzito. Akiitwa haitiki. Wenzake wakiimba, yeye anatazama midomo yao. Mama yake alituomba tumchape kidogo ili aamke. Tulipomchungulia masikio tulikuta usaha wa muda mrefu katika sikio moja, na la pili limeziba. Kwa mtoto wa namna hii, fimbo na daftari havina kazi. Tulimpeleka hospitali akapewa dawa ya matone, na mama akafundishwa kukausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi mara tatu kwa siku, bila kutia mafuta wala maziwa ya mama. Baada ya wiki kadhaa, mtoto alianza kugeuka akiitwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akiwasahihisha wenzake maneno ya nyimbo.

Tulijifunza hapo kwamba watoto wengi wanaoitwa wagumu wa kuelewa wana sababu iliyo mwilini. Mmoja hasikii. Mwingine haoni ubao. Mwingine ana minyoo na upungufu wa damu, na saa nne asubuhi kichwa chake kinaangukia mezani. Mwingine analala saa tano usiku kwa sababu televisheni iko chumba anacholala. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inaeleza kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, na apate saa 3 za kuchezesha mwili. Mwalimu hodari namna gani atamfundisha mtoto aliyelala saa 7?

Kusoma bila kuharakisha mkono

Yafaa tueleze vizuri, kwa sababu wengine walitusingizia kwamba kwetu watoto wanakunywa uji na kucheza tu. Tangu mwanzo tulikusudia iwe shule ya kusoma hasa. Mwalimu wetu mstaafu alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, naye alijua ni nini kinachomfanya mtoto akwame. Alikataa mambo mawili: kukariri bila kuelewa, na kuandika kabla mkono haujawa tayari.

Kiswahili kimeturahisishia kazi, kwa maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizijua sauti za a, e, i, o, u, kisha akaunganisha ba, be, bi, bo, bu, ameshaupata ufunguo wa mlango. Tulianza na masikio kabla ya macho. Mtoto anasikiliza neno "baba" linaanza na sauti gani, neno "mama" linaanza na sauti gani, anapiga makofi kwa kila silabi. Kisha fundi cherehani wetu alikata herufi kutoka kwenye karatasi ya msasa, tukazibandika juu ya vipande vya mbao. Mtoto hupitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Kidole kinajifunza njia kabla ya kalamu.

Kuhesabu tulitumia vizibo vya soda, mbegu za maharage na kokoto. Mchezo wa mdako, ambao bibi zetu walitufundisha bila kujua kama ni somo, huzoesha vidole na macho kwenda pamoja, na huzoesha kuhesabu moja, mbili, tatu bila ubao. Kumenya yai la kuchemsha, kufunga kifungo, kukamua kitambaa, kutunga shanga, yote hayo ni maandalizi ya kuandika.

Sisi wauguzi tulikuwa na sababu yetu. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, mahali pa mifupa hiyo pana gegedu laini tupu. Mfupa hutokea mmoja baada ya mwingine kadiri miaka inavyokwenda, na wa mwisho huanza kuonekana mtoto akiwa amekaribia miaka 10. Basi mtoto wa miaka mitatu unayemkalisha saa nzima anakili mstari wa "a" katika daftari lenye mistari myembamba, unautwika mkono wake kazi ambayo bado haujajengwa kuibeba. Ataandika, ndiyo, kwa sababu anakuogopa. Lakini ataikamata kalamu kwa ngumi, nayo tabia hiyo ni vigumu kuivunja baadaye.

Si sisi tulioyavumbua haya. Maria Montessori wa Italia alikuwa daktari kabla hajawa mwalimu. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walikuwa kazini mchana kutwa. Herufi za msasa zilitokana na kazi yake. Kiitaliano nacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na watoto wake wa miaka minne na mitano walianza kuandika maneno baada ya kuzizoea herufi kwa vidole. Huko London nako, dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walitangulia kufungua kliniki ya watoto wa shule, kisha mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wadogo ya hewa wazi katika mtaa wa Deptford, ambako kuoga, kula na kulala vilikuwa sehemu ya ratiba. Tuliposoma habari za wanawake hawa tulitiwa moyo. Walipita njia ile ile, kutoka kwenye afya ya mtoto hadi kwenye masomo yake.

Mwaka wa kujaribiwa

Mwishoni mwa mwaka 2013 tulikuwa na watoto 41 na walimu wawili. Yule binti wa kwanza tulikwisha kumpeleka kusomea ualimu wa awali, kwa mkopo wa kikundi chetu cha VICOBA. Tulijiona tumefika. Kumbe bado.

Karibu nasi ilifunguliwa shule nyingine. Ilikuwa na sare nzuri, gari la kuchukua watoto, na mahafali ya kuvaa majoho. Watoto wa miaka mitatu walirudi nyumbani na madaftari yaliyojaa, na kazi za kufanya usiku. Januari 2014 tulipofungua, watoto 17 hawakurudi. Walibaki 24.

Akina mama hawakutuficha sababu. Mmoja alikuja na daftari la mtoto wa jirani akaliweka mezani. "Sista," alisema, "tazama. Huyu ana miaka mitatu na nusu. Ameandika mpaka ishirini. Wa kwangu kwenu ana miaka minne, daftari lake lina picha ya kuku. Nitamwambia nini baba yake?"

Hatukumcheka, wala hatukumlaumu. Mama huyu alikuwa akiuza vitumbua alfajiri ili apate ada, na alikuwa na haki ya kuona fedha yake imefanya nini. Tuligundua kwamba mzazi hana macho ya kuona mtoto anaposikia tofauti ya "ba" na "pa". Anachokiona ni daftari.

Hesabu nayo ilitubana. Wakati huo ada ilikuwa shilingi 10,000, kwa hiyo watoto 24 wangeleta shilingi 240,000 kama wote wangelipa. Walimu wawili walilipwa shilingi 110,000 kila mmoja, mpishi shilingi 40,000. Hata kabla ya kununua kuni tulikuwa tumepungukiwa. Katika kikao chetu mama wa stendi alisema wazi kwamba biashara ni biashara; kama wateja wanataka majoho na madaftari, tuwape. Fundi cherehani alisema majoho angeshona yeye kwa bei nafuu. Mwalimu mstaafu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nikifanya hivyo nitakuwa nauza kitu ambacho najua hakifai. Afadhali nirudi nyumbani nikalime mchicha."

Tulikubaliana kungoja muhula mmoja, kila mmoja wetu akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kuwaita wazazi wote, pamoja na wale waliotuacha.

Walipokuja tuliwakalisha katika viti vya watoto. Kila mmoja tulimpa penseli na karatasi yenye mistari myembamba, tukawaomba waandike kwa mkono wasiouzoea, wanakili mstari mmoja ubaoni mara 10. Tulizunguka nyuma yao tukisema, "Haraka, mwenzako amemaliza. Mbona yako imetoka nje ya mstari?" Kwanza walicheka. Baada ya dakika tano kicheko kilikwisha. Baba mmoja, fundi magari mwenye mikono hodari, aliweka penseli chini akasema kidole kinamuuma. Hapo ndipo tulipoeleza habari ya ile mifupa 8.

Kisha tuliwaita watoto wa miaka mitano. Kila mzazi alitamka neno lolote, na mtoto alilipanga kwa herufi za mbao sakafuni. Baba yule fundi magari alisema "gari". Binti mdogo akapanga g, a, r, i, akasimama. Akasema "betri". Binti alifikiri, akapanga b, e, t, r, i. Baba alivua kofia. Neno lile hakuna aliyekuwa amemkaririsha.

Watoto 6 kati ya wale 17 walirudi katika muhula ule. Waliobaki hawakurudi, na urafiki na wazazi wao haukuvunjika. Sisi nasi tulijifunza kumsaidia mzazi aone. Tangu wakati huo kila mwisho wa mwezi mzazi anaalikwa kukaa darasani nusu saa amtazame mwanawe akifanya kazi, na anapewa karatasi inayoeleza sauti ngapi mtoto anazijua, anahesabu vitu vingapi kwa kuvigusa, anajivalisha nguo mwenyewe au la, na uzito wake umepanda au umesimama.

Nyumbani kwetu nako

Wasomaji wetu ni wake za watu, kwa hiyo hatutapita jambo hili kimya. Kazi ya kujitolea ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwanza na watu wa nyumbani. Sisi wauguzi tuna zamu za usiku. Kulikuwa na wiki ambazo tulitoka zamu saa moja asubuhi tukaenda kupima watoto, tukafika nyumbani saa nane. Mume wa mmoja wetu aliuliza swali ambalo halikuwa na hasira: "Watoto wa mtaa mnawapima uzito. Wa humu ndani alipimwa lini?"

Lilikuwa swali la haki. Tulikaa na waume zetu, si mmoja mmoja, bali wote kumi pamoja, tukaandika ratiba. Kila mama ana siku yake moja ya kazi ya chekechea kwa wiki, hazidi mbili. Hakuna kikao cha jioni. Fedha za nyumbani haziguswi bila mume na mke kukubaliana. Waume wawili walianza kuja Jumamosi kutengeneza viti vilivyovunjika, na mmoja wao ndiye aliyejenga kibuyu chirizi cha watoto kunawia mikono. Mama anayetaka kuanzisha shule na aanze na kikao cha namna hiyo. Mwanamke mwenye ugomvi nyumbani hataweza kuvumilia vilio vya watoto 20.

Serikali ilipofuta ada

Jaribu la pili lilikuja Januari 2016, pale ada ilipofutwa katika shule za serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikuwa imekwisha kuifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima. Jambo hili lilikuwa jema kabisa, nasi tulilifurahia, kwa maana watoto waliokuwa wakizurura walipata darasa. Lakini 11 katika darasa letu la awali walihama mara moja. Baadhi walikuta darasa limejaa mno, mwalimu mmoja hawezi kuwafikia wote, ingawa kipimo kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25.

Tulijadili sana nafasi ya shule ya kulipia ni ipi pale serikali inapotoa bure. Tulijibu hivi. Mtoto wa miaka mitatu au minne bado hana darasa la serikali. Huyo ndiye hasa tulimkusudia tangu siku ya kadi za kliniki. Kwa hiyo tuliyapa madarasa ya wadogo nguvu zaidi, na darasa la awali likabaki moja, dogo. Mtoto mmoja katika kila 10 hasomi kwa ada. Wenye uwezo wanajua, na wamekubali. Tena walimu wetu walianza kwenda shule ya serikali iliyo karibu mara moja kwa mwezi, wakabadilishana na walimu wa huko nyimbo, herufi za mbao na mbinu za kufundisha silabi. Hatuoni kwamba tunashindana nao. Watoto wetu watakuwa wao darasa la kwanza.

Leo tuna watoto 72 katika madarasa matatu, 24 kila darasa. Chumba cha Shule ya Jumapili kimepata wenzake wawili vilivyojengwa kwa matofali ya kuchoma. Walimu wote wamesomea. Wapo waliotushauri tufungue darasa la kwanza, kisha la pili, mpaka la saba. Tumekataa. Nguvu zetu tunazijua, na umri huu mdogo ndio tulioufahamu. Wale 14 wa kwanza sasa ni vijana. Wengine wamemaliza kidato cha nne, mmoja aliishia darasa la saba na sasa anajifunza useremala, na yule aliyekuwa na usaha masikioni hutuletea ndizi anapotoka shambani kwa babu yake. Hatudai kwamba chekechea imewafanya kuwa walivyo. Tunachoweza kudai ni kwamba katika miaka ile ambayo kadi huwa nyeupe, alikuwepo mtu wa kuwatazama.

Mama, kabla ya kulipa ada

Sasa tulijibu lile swali. Kama mtoto yuko na mtu mzima mwenye upendo, anayezungumza naye, anayemsimulia na kumruhusu acheze, hakuna hasara akikaa nyumbani mpaka miaka minne. Kama sivyo, mtafutie kituo kizuri mapema. Nenda ukione asubuhi ya siku ya kazi, bila kutoa taarifa. Tazama choo kwanza, kisha maji ya kunawa, kisha jiko. Hesabu watoto kwa kila mwalimu. Sikiliza kama sauti unayoisikia ni ya watoto au ya fimbo. Uliza wanalala saa ngapi mchana. Uliza mwalimu amesomea wapi. Uliza kama kituo kimesajiliwa, na uombe kuona cheti.

Usiulize kwanza kama mtoto ataandika kwa miezi mitatu. Ukiambiwa ndiyo, omba uelezwe ataandikaje, na mkono wake uko katika hali gani.

Na wewe nyumbani una kazi yako. Msomee au msimulie hadithi kila jioni, hata robo saa. Mpe vifungo afunge, mboga achambue, maharage ahesabu. Mlaze mapema. Mtoto mwenye mwaka hadi miaka mitano apate vitamini A na dawa za minyoo mara mbili kwa mwaka, kama inavyotolewa katika vituo vya afya. Chai usimpe pamoja na chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Akiwa hasikii vizuri au anakaribia mno televisheni, mpeleke apimwe kabla hujamwita mzito.

Kisha itoe ile kadi ya kliniki kabatini, uitazame mstari umekatika mwezi gani. Kama mwanao hajafikisha miaka mitano, mlete wiki hii tumpime.